Kwa nini hatuchoki kumtazama Darcy akikataliwa

Julai iliyopita shangazi yangu alikuja Mbeya kutoka Tukuyu kupimwa macho. Alileta mkungu wa ndizi, maparachichi ya kutosha mtaa mzima, na sweta mbili ambazo alizivaa zote kwa pamoja. Miwani haikuwa tayari, ikabidi akae karibu wiki nzima. Jioni ya kwanza alitukuta mimi, mdogo wangu na binamu yetu wa Uyole tumejifunika mablanketi mbele ya kompyuta, tunaanza upya "Pride and Prejudice", tamthilia ya BBC ya mwaka 1995 kutokana na kitabu cha Jane Austen, ambamo Elizabeth Bennet, binti asiye na mali, anaposwa na Darcy, bwana tajiri, naye anamkataa. Ina vipande sita. Tulikopiwa kwenye flashi pale Mwanjelwa miaka mingi iliyopita, na kila baridi inaposhuka kutoka Loleza tunairudia.

Shangazi hajui Kiingereza, na macho yalikuwa yanamsumbua. Akavuta kigoda karibu na kioo, akaweka beseni la ndizi mapajani aendelee kumenya, akaniambia, "Haya mwanangu, uwe unanieleza." Nikawa mkalimani wake kwa jioni tano.

Mara nyingi naulizwa kwa nini wanawake wazima, wenye kazi na watoto, wanatazama hadithi ileile ya Waingereza wa miaka mia mbili iliyopita mpaka wanaijua kwa moyo, na kwa nini wakikutana wanabishana hadi usiku juu ya toleo lipi ni bora. Majibu ya haraka ni magauni, majumba na sura ya mwigizaji. Sikatai, vitu hivyo vinapendeza. Ila havitoshi kumrudisha mtu mara ya tano. Shangazi, ambaye hakuwahi kusikia jina la Jane Austen, aliuliza maswali yaliyonionyesha kinachotushika ni nini.

La kwanza lilikuja pale Bwana Collins, mchungaji na ndugu wa mbali, alipofika nyumbani kwa akina Bennet akaanza kusifia ukumbi, chumba cha kulia na samani zote. "Huyu mbona anahesabu vyumba?" Nikamweleza: mwenye nyumba ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume, kwa hiyo siku akifa nyumba na shamba vinakwenda kwa huyu. Shangazi akaacha kumenya. Kisu kikabaki kwenye ganda. "Kumbe na Wazungu walikuwa nayo hii," akasema, na tangu hapo hakuniuliza tena hadithi inahusu nini. Yeye alifiwa na mume angali kijana. Anajua jinsi ndugu wanavyoweza kulipima shamba kwa macho kabla hata matanga hayajaanuliwa.

Hapo ndipo fundo la kwanza lilipo, na wengi wanalipita bila kulifungua. Kitabu kilitoka tarehe 28 Januari 1813. Familia ya Kiingereza yenye ardhi iliweza wakati ule kuifunga mali yake kwa hati, ipite kwa wanaume wa ukoo peke yao, na anayeishikilia asiweze kuiuza wala kuwagawia mabinti. Haikuwa amri ya nchi kwa kila mtu. Ilikuwa hati waliyoiandika mababu, na mjukuu anajikuta amefungwa nayo. Ndani ya hadithi hiyohiyo Bibi Catherine, dada wa marehemu mama yake Darcy, anasema waziwazi kwamba ukoo wa mumewe haukuona haja ya kufanya hivyo, na mrithi wake ni binti. Kwa hiyo akina Bennet wanajua kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti.

Kisha zinakuja hesabu, na mtu wa vikoba atazielewa upesi. Shamba la akina Bennet linaingiza pauni 2,000 kwa mwaka. Darcy anaingiza 10,000. Kila binti, mama yao akishafariki, atapata pauni 1,000 zilizowekwa kwa riba ya asilimia 4, yaani pauni 40 kwa mwaka. Pato la Darcy ni mara 250 ya hilo. Collins anamtajia Elizabeth hizo pauni 1,000 na riba yake usoni, katikati ya kumposa, ili ajue thamani yake sokoni. Mwandishi mwenyewe alizijua bei za dunia hiyo: hakimiliki ya kitabu hiki aliiuza kwa pauni 110, na jalada halikubeba jina lake.

Sasa ongeza sheria ya ndoa. Mwanamke wa Uingereza akishaolewa, mali yake iliingia mikononi mwa mume, na hali hiyo ilianza kubadilishwa kwa sheria za mwaka 1870 na 1882. Talaka ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge hadi mwaka 1857. Kukosea mume ilikuwa kukosea maisha mazima. Ndiyo maana ninakasirika mtu anapoziita hadithi hizi ndoto za wasichana. Elizabeth anapomkataa Collins anakataa paa la nyumba aliyozaliwa, tena paa la mama yake na dada zake. Rafiki yake Charlotte, mwenye miaka 27, anamkubali Collins huyohuyo siku chache baadaye. Nilipokuwa msichana nilimdharau Charlotte. Nilipomtafsiria shangazi sehemu hiyo, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwacheni, naye anatafuta pa kulala."

Na si mambo ya mbali. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 hapa kwetu liliruhusu mwanamke kurithi, lakini ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia tu, si kuiuza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi, na bado kila mtu anayeishi Rungwe, Njombe au Kilolo anajua umbali uliopo kati ya karatasi na mpaka wa shamba. Ukiwa umekaa katika umbali huo, Bwana Collins huhitaji kuelezewa.

Swali la pili lilikuja katikati ya tamthilia. Darcy anaingia chumbani alimo Elizabeth peke yake, anazunguka, anakaa, anasimama, kisha anasema anampenda. Halafu anaendelea kusema jinsi alivyojitahidi asimpende, kwa sababu ukoo wake uko chini na mama yake ni aibu tupu. Nilikuwa natafsiri sentensi kwa sentensi. Shangazi akanishika goti. "Ngoja. Anaposa au anatukana?"

"Vyote viwili, shangazi."

"Na amekuja mwenyewe? Mshenga wake yuko wapi?"

Tulicheka sote, kisha nikanyamaza, kwa sababu sikuwahi kuiona sehemu ile hivyo. Kwetu mshenga ni mtu mzima mwenye ulimi laini. Anapeleka maneno, anapima hali ya hewa ya nyumba, anarudi na jibu. Kijana akikataliwa, kinachorudi kwake kimeshapoozwa: wazee wamesema binti bado anasoma, au tusubiri mavuno yapite. Hakuna anayemtazama mwenzake machoni wakati neno "hapana" linatoka. Mshenga ni ukuta unaozilinda nyuso mbili.

Darcy hana ukuta huo. Ana pauni zake 10,000, ana jumba, amezoea kutiiwa, kutii hakumo kwake, na amesimama kwenye zulia la mtu mwingine akiambiwa kwamba hata angekuwa mwanamume wa mwisho duniani asingekubaliwa. Mwigizaji Colin Firth anasimama kando ya meko, uso unabadilika rangi, na hasemi kitu kwa muda ambao kwenye chumba chenye baridi unaonekana mrefu sana. Elizabeth wa Jennifer Ehle naye anatetemeka, kwa sababu anajua anachokitupa. Ndicho tunachokirudia. Kumwona mwenye nguvu akiambiwa ukweli na asiye na nguvu, ana kwa ana, bila mtu wa kupooza maneno, kisha kumwona akienda kubadilika badala ya kulipiza kisasi. Ni wangapi kati yetu wamewahi kusema "hapana" kwa mwenye mali na kisha wakaheshimiwa zaidi?

Austen mwenyewe alijua kukataa posa ni nini. Mwezi Desemba 1802 aliposwa na Harris Bigg-Wither, mrithi wa mali kubwa, akakubali usiku, na asubuhi yake akabadili jibu. Hakuolewa kamwe. Alifariki mwaka 1817 akiwa na miaka 41.

Baada ya kukataliwa, Darcy anaandika barua, na hapa tena kuna kitu ambacho mtazamaji wa leo mwenye simu mkononi anaweza asikione. Kwa adabu za wakati ule, mwanamume na mwanamke wasiochumbiana hawakutakiwa kuandikiana. Ndiyo maana haitumi. Anamvizia kwenye njia ya matembezi, anamkabidhi mkononi, anainamisha kichwa na kuondoka. Barua ile ingeweza kumharibia Elizabeth jina kama ingeonekana. Wazazi wetu wanaelewa. Mama yangu alikuwa akipokea barua kutoka kwa baba kupitia kwa mwalimu wa kike, ikiwa ndani ya daftari la hesabu, na hadi leo hataki kutuambia ziliandikwa nini.

Kizazi chote cha hadithi hizi kinasimama juu ya makatazo ya namna hiyo. Huwezi kumshika mtu mkono ila kwenye dansi au kumpandisha garini. Huwezi kubaki naye chumbani mlango umefungwa. Huwezi kumwita kwa jina lake la kwanza. Kwa hiyo kila kitu kinahamia kwenye macho, na macho hayana pazia. Mtazamaji anakuwa mlinzi: anasubiri nani atamtazama nani, kwa muda gani, na nani ataona. Wanaopenda tamthilia za Kikorea na za Kituruki wanajua mchezo huu. Vipande vinakwenda mpaka kumi na kitu bila busu, na hakuna anayechoka.

Fundo la tatu ni la sanaa yenyewe, na ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Kitabu kina sauti ya msimulizi anayeweza kuingia kichwani mwa Elizabeth, akafikiri kwa maneno yake, akatoka, akamcheka kidogo, akarudi. Kamera haina njia hiyo. Inaona nje tu. Mtengeneza filamu yuko katika nafasi ileile ya mshenga: amepewa ujumbe nyumba moja, anatakiwa aufikishe nyumba nyingine, na maneno aliyoambiwa hayawezi kusemwa vilevile huko aendako. Itabidi atafute ishara.

Usiku wa nne binamu yangu, ambaye ni mtu wa filamu ya 2005 na hana subira na tamthilia yetu ndefu, alitaka kutuonyesha kipande kimoja tu kwenye simu yake. Filamu hiyo iliongozwa na Joe Wright, Keira Knightley akiwa Elizabeth na Matthew Macfadyen akiwa Darcy. Elizabeth anaondoka Netherfield, jumba la Bingley, rafiki wa Darcy. Darcy anamshika mkono kumsaidia kupanda gari la farasi, mkono mtupu kwa mkono mtupu. Kisha anageuka, anaondoka, na kamera inashuka kwenye mkono wake: vidole vinajinyoosha ghafla, vinakakamaa, kama mtu aliyegusa sufuria la moto. Sekunde chache tu. Hakuna neno.

Shangazi, kwa macho yake yale mabovu, akasema, "Rudisha nyuma."

Binamu akarudisha. "Tena." Akarudisha tena. Hakuniomba nitafsiri.

Sehemu hiyo haimo kitabuni. Wala ile ya 1995, Darcy anapojitosa kwenye maji kisha anakutana na Elizabeth shati likiwa limelowa, haimo. Andrew Davies, mwandishi wa muswada, aliibuni. Na "North and South", tamthilia ya BBC ya 2004 kutokana na kitabu cha Elizabeth Gaskell, inamalizikia kwenye stesheni ya treni, Margaret anaelekea kusini na Thornton, mwenye kiwanda anayempenda, anarudi kaskazini, wanakutana katikati ya safari. Hilo nalo halimo. Fikiria: sehemu tatu ambazo wapenzi wa tamthilia hizi wanazitaja kwa pumzi ya kwanza, waandishi wa vitabu hawakuziandika.

Wapo wanaosema huo ni uharibifu. Nilikuwa mmoja wao. Lakini tazama kilichokuwepo mahali pake. Elizabeth anapomkubali Darcy mwishoni, Austen anakataa kutuandikia maneno. Anatuambia tu kwamba bwana yule alisema vizuri na kwa joto kama awezavyo mtu aliyezama katika mapenzi. Anafunga mlango, anatuacha nje. Gaskell naye, aliyechapisha hadithi yake mwaka 1854 na 1855 kwanza kwa vipande katika jarida la Charles Dickens, anamalizia sebuleni London kwa mazungumzo ya benki: Margaret ana pauni 18,057 zinazokaa bila kazi kwa riba ya asilimia mbili na nusu, na anataka kumkopesha Thornton ambaye kiwanda chake kimesimama. Hayo ndiyo matamko ya mapenzi. Thornton anaelewa, kwa sababu mwanamke mwenye aibu amepata njia ya kusema "nakuamini" kwa lugha ya biashara. Mimi nalipenda tukio hilo la kitabuni kuliko stesheni, na nitalitetea popote. Hata hivyo najua kwa nini mshenga alilihamisha. Sebule na hesabu zinasomeka, stesheni inaonekana. Treni mbili zimesimama sambamba, mojawapo itaondoka, na mtu lazima achague apande ipi. Aliyewahi kusubiri TAZARA pale Iyunga anajua uzito wa stesheni.

Mjumbe hauawi, lakini mashabiki wanamkaribia sana kwa visu. Ugomvi kati ya 1995 na 2005 nimeuona ukivunja mazungumzo ya sebuleni. Rafiki yangu mwalimu wa Iringa, anayekaa Kihesa, hataki kusikia habari ya filamu ya 2005: nguruwe ndani ya nyumba, nywele hazijachanwa, dada mmoja wa Bingley ameondolewa kabisa, na toleo la Marekani likaongezewa mwisho wa mabusu ambao Waingereza hawakuoneshwa sinemani. Binamu yangu anajibu kwamba tamthilia ya 1995 ni safi mno, kila mtu kana kwamba ametoka kwa dobi. Hoja zote mbili zina mantiki. Mwenye saa tano na zaidi anaweza kumfuata msimulizi hatua kwa hatua, akatuachia tucheke na Bwana Bennet. Mwenye saa mbili na dakika chache lazima achague kitu kimoja akishike, na Wright alishika ujana: moyo kupiga, ukungu, matope. Aliirudisha hadithi nyuma mpaka miaka ya mwisho ya 1790, wakati Austen alipoandika rasimu ya kwanza akiwa na umri wa Elizabeth, na nyumba ya shamba iliyo na mabata na nguruwe uani inaniaminisha zaidi kwamba familia hii itafukuzwa bila akiba. Nguruwe wale wanafanya kazi.

Filamu ya Marekani ya 1940, yenye Laurence Olivier, ilikwenda mbali zaidi. Ilimgeuza Bibi Catherine kuwa mtu mwema anayempima Elizabeth kwa siri. Hapo mshenga alibadilisha ujumbe, kwa maoni yangu, kwani ukimtoa adui mwenye cheo umeitoa hatari, na ukiitoa hatari "ndiyo" ya mwisho haina bei. Ninavyopima tafsiri yoyote ya skrini ni hivyo: je, gharama ya kusema "ndiyo" au "hapana" bado inaonekana? Mavazi yanaweza kukosewa, vidole visivyoandikwa vinaweza kukakamaa, nami nitaridhika.

Kwa kipimo hicho "Jane Eyre" ndiyo inayowashinda wengi. Kitabu cha Charlotte Brontë, cha mwaka 1847, kimetengenezwa filamu na tamthilia mara nyingi mno, ya Orson Welles na Joan Fontaine, ya Timothy Dalton mwaka 1983, ya Ruth Wilson mwaka 2006, ya Mia Wasikowska mwaka 2011. Nimeona tatu. Jane, mwalimu wa nyumbani, anamwacha Rochester, mwajiri wake aliyetaka kumwoa, usiku, akiwa hana kitu, kwa sababu amegundua ana mke. Filamu nyingi zinafanya hilo vizuri. Kinachonisumbua ni yule mke. Bertha Mason ametoka Jamaica, amekuja na mali iliyoneemesha nyumba ile, na amefungiwa ghorofani. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na sheria ya kufuta utumwa katika makoloni mengi ikapita mwaka 1833. Fedha za mashamba ya Karibi zimo ndani ya majumba haya tunayoyasifia. Jean Rhys, aliyezaliwa Dominica, aliandika riwaya mwaka 1966 kumpa Bertha sauti, na filamu ya 1999 ya "Mansfield Park", riwaya nyingine ya Austen, iliuweka utumwa wa Antigua mbele ya macho, jambo ambalo Austen aliligusa kwa swali moja tu.

Mwafrika anayependa hadithi hizi hana budi kuliangalia jambo hilo bila kupepesa. Mimi naliangalia, na bado nazipenda. Nimegundua kwamba nikijua fedha zilikotoka namwelewa vizuri zaidi Jane, msichana asiye na ukoo anayekataa kununuliwa ndani ya nyumba ambayo tayari imenunua watu. Sitaki toleo linalomficha Bertha. Nataka mlango wa ghorofani usikike.

Wahindi ndio waliowahi kuonyesha kwamba ujumbe huu unasafiri. Mama zetu walizikuta filamu zao kabla yetu. "Devdas", riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay iliyotoka mwaka 1917, ina matoleo ya 1935, 1955 na 2002, na sidhani kama kuna mtaa wa Mbeya ambao hapana mtu aliyelilia lile la mwisho. Mwaka 2004 Gurinder Chadha aliwahamishia akina Bennet India, mama akihangaika kuoza mabinti, na hakuna aliyeona ajabu. Kwenye nchi ambako posa bado ni jambo la familia mbili, hadithi ya Austen haihitaji kusukumwa.

Na sisi? Tunacho chetu. "Vuta n'kuvute" ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, wengi wetu tuliisoma kidato cha tano na sita tukiwaza mtihani. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar, ameozwa kwa mzee Raza ambaye hampendi. Anakimbia, jamaa zake wanamkataa, anapata hifadhi kwa Mwajuma kule Ng'ambo, na anampenda Denge, mwanaharakati anayewindwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa kwenye skrini, ikaonyeshwa Toronto, na baadaye Tanzania ikaiwasilisha kuwania tuzo za Oscar. Niliiangalia nikiwa na wasiwasi uleule wa mashabiki wote: atawafanyaje watu wangu? Imebana kitabu mno. Ila ilishika kile kitu: kila mara wawili wale wanapokaribiana, unaona nani anaweza kuwaona, na itawagharimu nini. Baada ya hapo nilikitafuta tena kitabu, nikakisoma bila mtihani.

Riwaya za Kiswahili zenye posa, barua zilizofichwa na mabinti wenye kiburi zipo rafuni. Ninasubiri atakayethubutu kumpiga picha msichana wa nyanda za juu akikataa posa kwenye ukungu wa Juni, mibuni ya kahawa ikiwa nyuma yake, na ndugu wa marehemu baba yake wakihesabu vyumba.

Jioni ya tano tulimaliza kipande cha tano. Tulipotaka kuanza cha sita umeme ukakatika, na chaji ya kompyuta haikufika mbali. Asubuhi shangazi alichukua miwani yake, akapanda gari la Tukuyu. Usiku akapiga simu. Nilidhani anataka kuniambia amefika.

"Ndaga fijo kwa kunitunza. Sasa niambie, yule binti alikubali?"

"Alikubali, shangazi."

"Alisema nini?"

Nikamwambia kwamba mwandishi hakuyaandika maneno yake. Alituambia tu kuwa alikubali. Nilisikia mvua ya Tukuyu ikipiga bati upande wa pili.

"Ni sawa," akasema. "Hata mimi nilipoulizwa sikutoa neno. Mshenga alikuwa amesimama mlangoni amelowa. Nikampokea mwavuli wake, nikautundika ndani."